Kufundisha Kisichoonekana: Funzo Litokalo katika Koti la Bakteria

Lengo la makala haya ni kujadili jambo moja tu katika ufundishaji wa sayansi: namna mwalimu wa shule ya msingi anavyopaswa kumfundisha mtoto kitu ambacho hawezi kumwonyesha. Twaamini kuwa jambo hili ni zito kuliko linavyochukuliwa na wengi, na kwamba wanachuo wanaojiandaa kwenda kufundisha, hasa katika shule za mwambao huu wa Kilwa na Lindi, hawana budi kulifikiri kabla hawajashika chaki.

Masomo mengi ya madarasa ya chini hushikika. Mwalimu akifundisha sehemu za mmea, mhogo uko nyuma ya darasa. Akifundisha viungo vya samaki, wavuvi wanashusha samaki pwani kila asubuhi. Akifundisha jinsi jua linavyokausha maji na kuacha chumvi, watoto wengi wamekwisha kuona mashamba ya chumvi kwa macho yao. Lakini siku afikapo katika vijidudu vya maradhi, mwalimu huyohuyo husimama mbele ya darasa mikono mitupu.

1. Tatizo lenyewe

Tunapozunguka kukagua mazoezi ya kufundisha, tumelisikiliza somo la vijidudu mara nyingi, na karibu kila mara huenda kwa mtindo mmoja. Mwanachuo huandika ubaoni kwamba vijidudu huleta magonjwa. Watoto husoma kwa sauti moja, hunakili, kisha huulizwa swali ambalo jibu lake ni sentensi ileile iliyo ubaoni. Katika shule moja ya mwambao huu mtoto wa darasa la nne aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, wewe umeviona?" Mwanachuo alijibu kwamba vimeandikwa kitabuni, akaendelea na somo.

Kwa maoni yetu, swali la mtoto yule lilikuwa na sayansi nyingi kuliko somo zima. Naye alistahili jibu, kwa sababu ifuatayo. Mtoto wa pwani hii huja shuleni akiwa amekwisha kufundishwa mengi juu ya mambo yasiyoonekana. Amesikia kwamba degedege huletwa na shetani. Amesikia kwamba kichomi hutokana na upepo mbaya au husuda ya mtu. Hayo ameyasikia kwa watu anaowapenda na kuwaheshimu. Sasa mwalimu naye anamletea kitu kingine kisichoonekana, anamwambia aamini. Je, kwa nini mtoto amwamini mwalimu kuliko bibi yake? Ikiwa jibu la mwalimu ni kwamba "imeandikwa", basi hana cha kumzidi bibi. Bibi naye aliambiwa na waliomtangulia.

Hatusemi kwamba wazee wadharauliwe. Mwalimu anayemcheka bibi mbele ya mjukuu hupoteza watu wawili kwa mara moja. Tunalosema ni kwamba tofauti ya sayansi na maneno mengine ipo mahali pamoja: sayansi huweza kueleza njia iliyopitwa hadi jambo likajulikana, na njia hiyo huweza kupitwa tena na mtu mwingine, akaikubali au akaikosoa. Mwalimu asipofundisha njia hiyo, amefundisha imani tu, akaiita sayansi.

Nalo jambo hili haliishii darasani. Mtoto wa darasa la nne wa leo ndiye mama au baba wa baada ya miaka kumi na mitano. Ataamka usiku mtoto wake anapumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani, naye itampasa aamue kama atasubiri kupambazuke au atakwenda zahanati saa ileile. Alichofundishwa kitampima siku hiyo.

2. Mfano tuliouchagua

Ili tusizungumze hewani, tumechagua mfano mmoja. Tungeweza kuchukua kijidudu cha malaria, lakini hicho kimekwisha kuelezwa mara nyingi. Tumechagua kitu kidogo zaidi: koti la ute linalowazunguka baadhi ya bakteria, ambalo wataalamu huliita kapsuli. Tumelichagua kwa sababu ni gumu mno kuonekana, hata kwa hadubini, na kwa sababu historia ya kulitafuta inaonyesha wazi jinsi binadamu anavyoweza kukijua kitu kinachomkimbia macho.

Bakteria aletaye nimonia kwa watoto wengi huitwa nimokoki. Upana wake ni kama milimita moja iliyogawanywa mara elfu moja. Amezungukwa na koti lililofumwa kwa minyororo mirefu ya sukari, na sehemu kubwa mno ya koti hilo ni maji. Hana koti la namna moja tu: aina za makoti ya nimokoki zilizokwisha kutambuliwa zimezidi 100, kila moja ikiwa na mpangilio wake wa sukari.

Koti hili ndilo silaha yake. Katika damu yetu mna chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kuwakamata wavamizi na kuwameza. Bakteria asiye na koti hukamatwa upesi. Mwenye koti huteleza, kama pweza anavyomteleza mtu mkononi. Mwaka 1928 Frederick Griffith wa Uingereza alionyesha kwamba nimokoki wenye koti waliwaua panya aliowadunga, na wale waliopoteza koti hawakuwaua. Basi kulijua koti ni kuujua ugonjwa wenyewe.

3. Walilionaje?

Hapa ndipo tunapomwomba mwanachuo asome polepole, maana hapa ndipo penye funzo la ualimu.

Njia ya kwanza ilikuwa ya wino. Koti ni angavu kama maji, na rangi za kawaida za maabara haziling'ang'anii vizuri. Ukilitazama kwa hadubini ya nuru huoni kitu. Wataalamu wakageuza swali. Badala ya kulipaka rangi koti, walilitia rangi lile lililolizunguka. Walichanganya bakteria na wino mweusi uliotengenezwa kwa masizi laini. Punje za masizi haziwezi kupenya ndani ya ute. Basi palipokuwa na koti pakabaki peupe, kama duara la mwanga katikati ya giza. Koti lilijulikana kwa mahali ambapo wino haukufika.

Njia ya pili ilitoka kwa Mjerumani Fred Neufeld, mwaka 1902, miaka mitatu kabla ya Vita vya Maji Maji kuanza katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa yetu. Neufeld alitumia seramu, yaani majimaji ya damu, ya mnyama aliyekwisha kuzoezwa kupambana na nimokoki. Ndani ya seramu hiyo mna kingamwili. Hizi ni protini zitengenezwazo na mwili ili kumtambua adui mmoja maalumu. Kila moja ina umbo mfano wa herufi Y, yenye mikono miwili, na mikono hiyo hushika kitu kimoja tu kama ufunguo na kufuli lake. Neufeld alipochanganya seramu na bakteria, koti likaonekana wazi, likawa kana kwamba limevimba, kwa kuwa kingamwili zilizolishika zilibadili jinsi nuru ilivyopita ndani yake. Na kwa kuwa kila kingamwili hushika koti la aina moja, njia hii iliwawezesha watu kutambua ni nimokoki wa aina gani aliyempata mgonjwa.

Ndipo ikaja hadubini ya elektroni, ambayo Max Knoll na Ernst Ruska waliijenga ya kwanza mjini Berlin mwaka 1931. Ruska alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1986. Hadubini ya nuru haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko kiasi cha milimita moja iliyogawanywa mara elfu tano. Hadubini ya elektroni huona vitu vidogo kuliko hivyo kwa mamia ya mara. Mtu angedhani kwamba chombo chenye nguvu hivyo kingelionyesha koti mara moja. Haikuwa hivyo, na sababu zake ni mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba elektroni husafiri katika ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa yote. Kitu chenye maji hakiwezi kuingizwa humo kikiwa katika hali yake. Hapana budi kikaushwe kwanza. Koti la bakteria, ambalo karibu lote ni maji, likikaushwa hunywea na kujikunja likabaki vipande vichache juu ya ngozi ya bakteria, au lisionekane kabisa. Watoto wa pwani wanalijua jambo hili wasipojua kwamba wanalijua: konyeza akitupwa ufukweni na maji ya bamvua, jioni hubaki utando mwembamba mchangani. Mtu asiyewahi kumwona konyeza baharini, akiuona utando ule, hawezi kulijua umbo lake.

Sababu ya pili ni kwamba elektroni huzuiwa na atomi nzito. Sukari ni kaboni, haidrojeni na oksijeni, zote ni nyepesi. Elektroni hupita humo karibu bila kizuizi, nacho kisichozuia elektroni hakionekani katika picha.

Kingamwili zikatatua matatizo yote mawili. Fikiri wavu wa samaki. Ukiwa majini, wenye maboya juu na risasi chini, umetanda na kila jicho lake liko wazi. Ukiutoa ukautupa mchangani, ni rundo tu. Lakini kabla ya kuutoa, kama ungefunga fito ndogo kutoka uzi hadi uzi, ungetoka na umbo lake. Hiyo ndiyo kazi ya kingamwili. Kwa mikono yake miwili kila moja hushika mnyororo huu wa sukari na ule, na maelfu yao yakishafanya hivyo koti husimama hata baada ya kukaushwa. Tena kingamwili zenyewe huongeza unene, hivyo elektroni hupata cha kuzizuia. Mwaka 1977 M. E. Bayer na H. Thurow walichapisha uchunguzi wa namna hii juu ya koti la bakteria wa utumbo. Mwaka 1979 E. B. Mackie na wenzake walionyesha vivyo hivyo kwa streptokoki wa kundi B, bakteria ambaye huwashambulia watoto wachanga. Pale palipokuwa pakionekana mabaki ya koti lililonywea, pakaonekana koti nene lililosimama.

Wengine walikwenda mbele zaidi, wakazitia kingamwili alama. Mwaka 1959 S. J. Singer aliziunganisha na feritini, protini ibebayo chuma. Mwaka 1971 W. P. Faulk na G. M. Taylor walitumia punje ndogo mno za dhahabu. Chuma na dhahabu huzuia elektroni, hivyo kila penye kingamwili pakawa na nukta nyeusi. Kilwa ilipata utajiri wake wa zamani kwa dhahabu iliyopita kutoka Sofala; wafanyabiashara wale wasingeweza kudhani kwamba siku moja dhahabu ingetumika kuhesabia nyuzi za koti la kijidudu.

4. Je, walichokiona ni kweli?

Mwanachuo makini atauliza: ikiwa kingamwili huongeza unene, basi picha ile ni ya koti au ni ya kingamwili? Swali hili ni la haki. Jibu ni kwamba picha ile ni ya vyote viwili kwa pamoja, na hakuna mtaalamu mwaminifu anayeficha jambo hilo. Ndiyo maana kila jaribio huwekewa jaribio la kulinganishia: bakteria walewale hutayarishwa bila kingamwili, au kwa seramu isiyohusika nao, na picha hulinganishwa. Ndiyo maana pia njia moja haitoshi. Wino ulisema koti lipo. Seramu ya Neufeld ilisema lipo. Kingamwili chini ya hadubini ya elektroni zilisema lipo. Baadaye ikaja njia ya kugandisha vitu kwa haraka mno hadi maji yake yasipate nafasi ya kufanya fuwele, na hivyo kuvitazama bila kuvikausha; waanzilishi wake, Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Mashahidi wanne wasiotoka nyumba moja wakikubaliana, kadhi hana budi kusikiliza.

Hilo ndilo jibu ambalo mtoto wa darasa la nne alistahili. Si lazima mwalimu aseme "nimeviona". Aseme: "Mimi sijaviona kwa macho haya. Lakini nitakueleza walivyotafutwa na watu waliovipata, na jinsi walivyohakikisha kwamba hawakujidanganya."

5. Koti hili na watoto wa Kilwa

Yawezekana mwanachuo akasema kwamba hayo ni mambo ya maabara za ng'ambo. La hasha. Watoto wengi walio katika madarasa yetu leo wamekwisha kukutana na sukari ya koti hilo, ingawa hawakumbuki. Waliletwa kliniki wakiwa wachanga, mgongoni au kifuani kwa mama.

Kingamwili zinazolisimamisha koti chini ya hadubini ni za namna ileile inayomlinda mtoto. Zikilishika koti ndani ya damu, bakteria hawezi tena kuteleza. Chembe nyeupe hushika mguu ulioachwa nje wa ile herufi Y, zikammeza. Kwa hiyo chanjo hutengenezwa kwa sukari ya koti peke yake, bila bakteria mzima. Lakini mwili wa mtoto aliye chini ya miaka miwili hauzingatii sana sukari tupu. Wataalamu wakaiunganisha sukari hiyo na protini, na mwili wa mtoto ukaizingatia.

Tanzania ilianza kutoa chanjo yenye kinga dhidi ya bakteria aitwaye kwa ufupi Hib, ambaye naye huvaa koti, mwaka 2009. Chanjo ya nimokoki, yenye sukari za makoti ya aina 13, ilizinduliwa mwishoni mwa mwaka 2012 na kuanza kutolewa nchini mwaka 2013, kwa watoto wa wiki 6, 10 na 14. Magonjwa yanayolengwa ni nimonia, ambayo wazee wetu huiita kichomi, na homa ya uti wa mgongo, ambayo kwa mtoto mdogo huweza kuja na degedege. Tazameni basi: yale majina mawili mtoto aliyoyasikia nyumbani, kichomi na degedege, ndiyo hasa yanayohusika hapa.

Na je, chanjo imefaa? Ushahidi tunao kutoka mwambao huuhuu, upande wa kaskazini. Katika Kilifi, nchini Kenya, watafiti wa kituo cha KEMRI na Wellcome Trust walikuwa wakiwachunguza watoto waliolazwa hospitalini tangu miaka mingi kabla ya chanjo. Kenya ilianza kutoa chanjo ya aina 10 mwaka 2011. Walipolinganisha miaka ya 1999 hadi 2010 na miaka ya 2012 hadi 2016, waliona kwamba magonjwa makali ya nimokoki wa aina zilizomo katika chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Nao katika kutambua aina za makoti walitumia njia ya Neufeld ya mwaka 1902. Kumbe jambo la maabara za ng'ambo linafanyika kwa majirani zetu, juu ya watoto wanaosema lugha yetu.

6. Darasani ufanyeje?

Hatutaki mwanachuo aende kuwafundisha watoto wa darasa la nne habari za elektroni. Twataka awape njia ya kufikiri, kwa vitu vilivyo karibu. Shule zetu nyingi hazina hadubini, na si lazima zingoje hadubini. Yafuatayo twayapendekeza.

Jaribio la kwanza. Chukua mbegu chache kavu za mrehani, ule unaopandwa uani kwa harufu yake. Waonyeshe watoto jinsi zilivyo ndogo na nyeusi. Zitie katika maji kwa muda wa nusu saa. Kila mbegu itavaa koti la ute. Mwache kila mtoto aguse, aone inavyoteleza. Waulize: kama wewe ni chembe nyeupe ya damu unayetaka kumkamata adui, ipi ni rahisi kushika, kavu au yenye ute?

Jaribio la pili. Weka mbegu hizo katika kisahani cheupe chenye maji machache, yasiyozidi kimo chake. Tia taratibu maji yaliyochanganywa na masizi ya sufuria yaliyosagwa laini sana. Masizi yatazunguka, lakini hayataingia ndani ya ute, na kila mbegu itaonekana na duara lake. Waeleze kwamba ndivyo koti la bakteria lilivyoonekana kwa wino. Waulize: tumekijuaje kitu ambacho hatukukipaka rangi?

Jaribio la tatu. Anika mbegu zenye ute juani hadi kesho yake. Koti litanywea. Waulize: mtu akija leo akaona mbegu hizi, je, atajua kwamba jana zilikuwa na koti? Ikiwa hatajua, afanye nini ili asikosee?

Jaribio la nne. Leta kipande cha wavu uliochakaa, ukiweke mezani kikiwa rundo. Mtoto yeyote aeleze umbo lake, hataweza. Sasa waite watoto wanane, kila mmoja ashike mafundo mawili kwa mikono yake miwili, wautandaze. Umbo litaonekana. Watoto hao ndio kingamwili. Wafunge kitambaa chekundu mkononi, nao wamekuwa kingamwili zenye alama. Hata aliye nyuma kabisa ya darasa atajua wavu ulipo.

Mambo matatu mwalimu ayaangalie. Kwanza, ajaribu mwenyewe jioni ya kuamkia somo, kwa kuwa mbegu zilizozeeka hazifanyi ute vizuri. Pili, awaambie watoto waziwazi kwamba mbegu si bakteria na wavu si koti. Huo ni mfano, na mfano una mahali unapokomea. Tatu, akiwa na picha ya bakteria kitabuni, aeleze kwamba picha za hadubini ya elektroni hazina rangi, na kwamba rangi nyekundu na kijani wanazoziona ziliongezwa baadaye na binadamu. Mtoto anayejua hivyo ataheshimu picha zaidi, maana amejua picha ni nini.

7. Pingamizi

Wapo wakufunzi wenzetu wanaosema kwamba njia hii inakula wakati, na kwamba mtihani hautauliza habari za wavu. Ni kweli kwamba inakula wakati. Majaribio yote manne yanahitaji vipindi viwili au vitatu. Lakini ile sentensi iliyoandikwa ubaoni hufundishwa tena darasa la tano, na la sita, kwa sababu haikushika. Wakati uliookolewa darasa la nne hulipwa baadaye pamoja na riba.

Wengine wana hofu kubwa zaidi. Husema kwamba mwalimu akifungua mlango wa maswali, ataulizwa asiyoyajua, na heshima yake itashuka. Sisi twaona kinyume. Heshima inayotegemea watoto wasiulize ni kama boriti iliyoliwa na mchwa: yaonekana nzima hadi siku ya kubeba uzito. Mwalimu anayesema "hilo silijui, tulitafute" amewafundisha watoto jambo ambalo Neufeld mwenyewe angelikubali.

Pingamizi la tatu twalichukua kwa uzito. Yasemwa kwamba mtoto mdogo hana uwezo wa kupima ushahidi, hivyo kwanza aamini, ataelewa akikua. Kwa baadhi ya mambo hiyo ni busara. Hatungoji mtoto aelewe ndipo anawe mikono. Aambiwe anawe leo. Lakini kuamrishwa na kueleweshwa si mahasimu. Amri huongoza mkono wa mtoto akiwa mbele yako. Uelewa humwongoza akiwa mbali nawe, usiku, na mtoto mgonjwa mapajani, na maneno ya majirani yakimvuta huku na huku.

8. Hitimisho

Tumeeleza kwamba koti la bakteria halikuonekana kwa sababu mtu mmoja alikuwa na macho makali. Lilionekana kwa sababu watu wengi, kwa miaka mingi, walitafuta njia ya kulizuia lisitoroke, wakazipima njia zao zenyewe kabla ya kuziamini. Hiyo ndiyo sayansi, nayo yaweza kufundishwa Kivinje, Masoko, Songosongo, Mchinga na Lindi mjini, kwa mbegu za mrehani na masizi ya sufuria.

Kwa hiyo twawaasa wanachuo: utakapoandaa somo lako la vijidudu, usianze na sentensi ya kunakili. Jiulize kwanza, "Haya yalijulikanaje?" Kama hujui, nenda ukatafute, maktaba ya chuo ipo, na mganga wa zahanati ya kijiji hatakataa kukueleza akiombwa kwa adabu. Ukisha kujua, wape watoto njia ile kwa kiasi cha umri wao. Nao wakiuliza kama umeviona, furahi, kwa kuwa somo limeanza.